Chai ya Milimani katika Mji wa Reli: Manyoni na Zao Lisiloota Kwake

Mji wa Manyoni, makao makuu ya wilaya iliyo kusini mwa Mkoa wa Singida, umekaa juu ya uwanda wenye mwinuko wa takriban mita 1,250 kutoka usawa wa bahari, na kwa hiyo uko juu kuliko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mahali ambapo chai ya kwanza ya nchi inayoitwa leo Tanzania ilipandwa. Katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka, wafanyabiashara walizoea kuigawa chai kwa kimo cha shamba, wakaiita chai ya juu ile iliyochumwa kuanzia mita 1,200 kwenda juu. Na huko Taiwan jina la chai ya mlima mrefu hupewa majani yaliyokulia juu ya mita 1,000. Kwa vipimo hivyo vyote viwili Manyoni ingehesabiwa miongoni mwa nchi za chai ya milimani. Hata hivyo Manyoni haina shamba la chai, na kinachoizuia si kimo bali ni mvua, kwa kuwa wilaya hupata kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka, karibu zote katika msimu mmoja unaoanza Desemba na kukoma Aprili, ilhali Amani hupata karibu milimita 1,900 zilizotawanyika katika miezi mingi.

Mchai, ambao wataalamu wa mimea wanauita Camellia sinensis na ambao haupaswi kuchanganywa na mchaichai, lile jani lenye harufu ya limau linalopandwa uani kwa ajili ya kukolezea chai, ni mti wa misitu ya mvua uliopogolewa na binadamu hadi ukawa kichaka cha kufika kiunoni. Historia yake nchini Tanzania kwa kawaida husimuliwa kutoka mlimani: nani alipanda, nani alimiliki, tani ngapi zilisafirishwa nje. Usimulizi huo ni wa kweli lakini ni nusu, kwa sababu chai ni zao ambalo thamani yake hukamilika kwenye kikombe, na vikombe vingi vya Watanzania havikujazwa mlimani bali katika miji ya nyanda kavu, hasa ile iliyozaliwa na Reli ya Kati, ambako mnywaji hakuwahi kuuona mti wenyewe. Manyoni ni mmojawapo wa miji hiyo, na ukiitazama chai kutoka hapo, mambo kadhaa yanayodhaniwa kuwa uharibifu wa kinywaji cha kiungwana yanaonekana kuwa ni ustadi.

Inafaa kwanza kueleza mlima unaipa chai kitu gani. Mti huu hutaka udongo wenye asidi, mvua isiyopungua milimita 1,200 kwa mwaka iliyogawanyika vizuri, na hali ya hewa isiyo na joto kali wala jalidi. Penye joto na unyevu chipukizi hurefuka haraka na jani huwa jepesi la ladha. Penye baridi ya wastani chipukizi huchelewa, na katika kuchelewa huko hukusanya kwa wingi zaidi vile viini vinavyoipa chai harufu na ule mkato wa ulimini. Halijoto inaposhuka kufikia nyuzi 12 au 13 hivi, chipukizi karibu husimama kabisa, na ndiyo maana mashamba ya Mufindi, yaliyo karibu na mita 1,900, huchuma kidogo sana wakati wa kipupwe cha Juni na Julai. Tena mlima wa chai sharti uwe mlima unaotazama upande wa unyevu. Usambara huupokea upepo wa Bahari ya Hindi. Ukingo wa Mufindi huinuka juu ya bonde la Kilombero na kuyakamata mawingu ya kusi. Rungwe hunyeshewa kutokana na ukaribu wake na Ziwa Nyasa. Manyoni iko nyuma ya milima yote hiyo, upande ambao mawingu hufika yakiwa yamekwisha kutua mzigo wake.

Wajerumani waliifikia chai kwa kuzunguka. Katika Usambara matumaini yao ya kwanza yalikuwa kwenye kahawa, ambayo ilipandwa kwa fedha nyingi katika miaka ya 1890 na ikawaangusha, kwa kuwa udongo wa misitu ile ulichoka upesi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1902 serikali ya koloni ilianzisha huko Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, ikiwa na bustani kubwa ya kujaribia mimea kutoka kila pembe ya tropiki: mipira, mikwinini, mikarafuu, mikafuri, na pamoja nayo michai. Miaka miwili baadaye, 1904, chai ilipandwa pia Kyimbila, kituo cha wamisionari wa Moravian karibu na Tukuyu. Majaribio hayo mawili yalionyesha kwamba mti unakubali, lakini biashara haikufuata. Ujerumani yenyewe ilikuwa nchi ya wanywaji kahawa, na mlowezi aliyetaka kutajirika alipanda mkonge au mpira. Chai ikabaki kuwa mmea wa bustani ya wasomi, na vita vya 1914 hadi 1918 vikaikuta hapo.

Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926, chini ya utawala wa Waingereza, ingawa wapandaji wengi wa mwanzo huko Mufindi na Rungwe walikuwa Wajerumani walioruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Wakati wao haukuwa mzuri. Mdororo wa uchumi wa dunia ulishusha bei, na mwaka 1933 nchi kubwa za chai, yaani India, Ceylon na visiwa vya Indonesia vilivyokuwa chini ya Uholanzi, zilifunga mkataba wa kupunguza mauzo ya nje, na baadaye makoloni ya Afrika Mashariki nayo yakakubali kuwekewa kikomo cha upandaji mpya. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939 mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui, na katika mabadiliko hayo kampuni ya Brooke Bond ya Uingereza ikaingia Mufindi, ambako jina lake lilidumu midomoni mwa watu muda mrefu hata baada ya kampuni yenyewe kununuliwa na Unilever mwaka 1984.

Wakati haya yakitendeka milimani, Manyoni ilikuwa ikijifunza kunywa. Kabla ya reli, nchi hii ya Wagogo wa magharibi, pamoja na majirani zao Wanyaturu na Wakimbu, ilikuwa mapito ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa njia na wa maji, kwa nguo, shanga na waya. Chai haikuwamo katika hesabu hiyo. Wasafiri wa Kizungu kama Henry Morton Stanley, aliyekatiza Ugogo mwaka 1871, walibeba chai katika mizigo yao, lakini ilikuwa akiba ya bwana, ikifungwa na kufunguliwa hemani kwake. Hata pwani, kinywaji cha barazani kilikuwa kahawa, katika vikombe visivyo na mikono, pamoja na halua. Asubuhi ya Ugogo ilikuwa na uji wa uwele au mtama, na penye ng'ombe, maziwa mabichi au ya mgando.

Wajerumani waliweka boma lao Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kufuata njia ile ile ya misafara. Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na katika kipande cha kati ya Dodoma na Tabora ilikatiza bonde la Bahi, ikapanda ngazi ya Bonde la Ufa na kutokea uwandani Manyoni. Kilimatinde iliachwa kando, ikabaki na misheni na hospitali yake. Utawala na maduka vikahamia relini. Mji uliozaliwa hivyo ulikuwa wa aina mpya: wa karani, fundi wa njia, mpiga simu, askari, mwenye duka kutoka Gujarati na mchukuzi anayelipwa mwisho wa mwezi. Watu hao walikuwa na kitu ambacho mkulima wa uwele hakuwa nacho kwa uhakika, nacho ni fedha taslimu ya kila mwezi, na chai ni kinywaji cha fedha taslimu. Uji hutoka ghalani. Chai hutaka majani ya kununua, sukari ya kununua, na birika na kikombe vya kununua. Kwa hiyo katika miaka yake ya mwanzo chai ilikuwa alama ya mshahara, na kilichoipa hadhi hiyo hakikuwa kingine ila gharama.

Namna ya kuipika ilitoka India zaidi kuliko Uingereza. Neno lenyewe linashuhudia: Kiswahili hakikuchukua umbo la neno lililosafiri na meli za Waholanzi na kuwapa Waingereza jina lao la kinywaji hiki, bali lile la njia ya Uajemi na India, chai, ambalo chimbuko lake ni neno la Kichina cha. Pamoja na neno likaja sufuria: majani kuchemshwa ndani ya maji na maziwa, pamoja na tangawizi, iliki na mdalasini, badala ya kumiminiwa maji ya moto katika buli. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba raia wa kawaida wa India mwenyewe aliijua chai kwa kuchelewa. Ilikuwa ni katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ambapo chama cha wenye mashamba ya chai cha India kiliweka vibanda katika stesheni za reli ili kuwazoesha abiria, na wauzaji wa vibanda hivyo, kinyume cha maelekezo ya chama, wakaongeza viungo, maziwa na sukari ili majani machache yatoshe watu wengi. Chai ya viungo kwa kiasi kikubwa ilikulia relini kule pia, na reli ya Tanganyika iliipokea kutoka mikononi mwa watu waliokuwa wakiendelea kuibuni.

Kiswahili kikaendelea kuigawa kadiri ya hali ya mnywaji. Chai ya maziwa ni ya mwenye nafasi. Chai ya rangi, au chai kavu, ni ile isiyo na maziwa. Na ile iliyokolea sana huitwa mkandaa, kwa jina la mkoko wa pwani ambao gome lake lilitumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Aliyebuni jina hilo alikuwa mkemia bila kujua, kwa maana kinacholainisha ngozi katika gome la mkandaa na kinachokausha ulimi katika chai ni viini vya ukoo mmoja. Baadaye neno chai likapanuka likawa kifungua kinywa chote, hata mtu aliyekula mihogo na maharage husema amekunywa chai. Likawa mapumziko ya saa nne ofisini. Likawa ile fedha ndogo inayoombwa mezani pa mtumishi asiye mwaminifu. Na vijana wa leo wanaliita chai lile simulizi ambalo hawaliamini. Hakuna zao jingine la mlimani, hata kahawa, lililopewa kazi nyingi hivyo katika lugha.

Kijiografia, Manyoni ilikuwa karibu na milima ya chai kuliko ramani ya reli inavyoonyesha. Stesheni ya Itigi, iliyokuwa ndani ya wilaya hiyo, ilikuwa mwanzo wa barabara iliyokwenda kusini kupitia Rungwa na Chunya hadi Mbeya, na katika miaka ya 1930, dhahabu ya Lupa ilipowavuta wachimbaji kwa maelfu, barabara hiyo ilikuwa lango la reli kwa nyanda za juu za kusini magharibi. Mbele ya Mbeya ndipo ilipo Rungwe. Kwa muda, basi, Reli ya Kati na mashamba ya Tukuyu yaliunganishwa na vumbi la vichaka vya Itigi, vile vichaka vizito ambavyo nyuki wake wanaifanya wilaya ijulikane kwa asali, na asali hiyo, itajwe kwa kupita tu, hutiwa katika chai ya rangi sukari inapokosekana. Barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ziliigeuza njia ya mizigo kuelekea Dar es Salaam moja kwa moja, na barabara ya Itigi ikarudi katika ukimya.

Uhuru wa 1961 ulikuta chai ikiwa karibu yote mikononi mwa mashamba makubwa. Mpango wa wakulima wadogo ulianza mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, Mamlaka ya Chai Tanzania ikaundwa 1968, na mwaka 1972 mradi ulioungwa mkono na Benki ya Dunia ulileta miche, barabara za vijijini na viwanda. Rungwe, Njombe, Lushoto, Korogwe na Bukoba zikapata mamia, kisha maelfu ya kaya zenye robo ekari au nusu ekari ya michai karibu na migomba, na leo wakulima wadogo ni zaidi ya 30,000, wenye karibu nusu ya hekta takriban 23,000 za chai ya nchi. Zao hili halimpi mkulima nafasi ya kusubiri. Mahindi hukaa ghalani na kahawa iliyokaushwa hukaa guniani, lakini jani bichi la chai, lile la majani mawili na chipukizi moja linalokatwa kwa kidole gumba na cha shahada, huanza kuharibika likiwa kikapuni, na lisipofika kiwandani siku ile ile ni takataka. Ndiyo sababu historia ya wakulima wadogo wa chai ni historia ya malori na madaraja ya vijijini kuliko ya jembe, na ndiyo sababu kiwanda kinapofungwa, kama ilivyotokea Mponde wilayani Lushoto mwaka 2013, kijiji kizima hutazama michai yake ikirefuka na kuwa miti.

Kiwandani jani hupitia hatua nne. Hunyaushwa kwa upepo kwa saa kadhaa hadi lilegee, hupitishwa katika mashine zenye magurudumu ya meno zinazoliponda, kulichana na kulikunja kwa mkupuo mmoja, huachwa lichachuke, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Neno kuchachuka limezoeleka ingawa si sahihi, kwa kuwa hakuna hamira wala wadudu wa pombe hapo, ila ni hewa inayoligeuza rangi jani lililojeruhiwa kama inavyoligeuza bilinganya lililokatwa. Baada ya kukauka, chai huchekechwa na kugawanywa kwa ukubwa wa punje. Punje kubwa na za kati huongoza katika mauzo ya nje. Chini kabisa ya chekeche hubaki ile laini inayoitwa vumbi. Jina hilo limewadanganya wengi. Vumbi la chai si uchafu uliofagiwa sakafuni bali ni punje ndogo za jani lile lile, na kwa kuwa udogo wake unayapa maji eneo kubwa la kugusa, hutoa rangi na ukali haraka na kwa wingi. Mnunuzi wa London aliyetaka harufu ya mlima alilipa bei kubwa kwa punje za juu. Mnunuzi wa nyumbani aliyetaka kijiko kimoja kitoshe watu sita alijua alichokuwa akikifanya alipochagua laini.

Tofauti ya ladha hizi mbili huonekana vizuri zaidi katika namna ya kuonja. Muonjaji wa biashara hufuata utaratibu usiobadilika, na kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 1980 chaagiza gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, kwa dakika 6, katika kikombe cheupe cha kauri chenye mfuniko. Kisha huvuta chai kwa kijiko kwa sauti kubwa ili itawanyike kinywani, huitema, huyatazama majani yaliyobaki, na hutoa hukumu kwa maneno machache kuhusu uangavu wa rangi, uchangamfu na uzito. Utaratibu huo umekusudiwa kuondoa kila kitu kisichokuwa jani, ili mlima usikike peke yake.

Jikoni Manyoni utaratibu hukusudia kinyume chake, na maji yenyewe ndiyo yanayoanza kusema. Sehemu kubwa ya maji ya nyanda za kati hutoka ardhini, katika visima vinavyochota maji yenye madini mengi, na maji ya namna hiyo hayaisikilizi chai ya mlimani. Chokaa iliyomo huungana na viini vya chai na kufanya utando mwembamba unaong'aa juu ya kikombe, ule ambao hupasuka vipande ukiguswa na kijiko. Rangi ambayo Mufindi ingekuwa nyekundu ya shaba hugeuka kahawia nzito isiyopenya mwanga. Na harufu nyepesi za juu, zile ambazo mlima ulizilipia kwa baridi na kuchelewa, hupotea kabla hazijafika puani. Tone la limau huusafisha utando na kuirudisha rangi, na kwa hiyo kipande cha ndimu kando ya chai ya rangi kina sababu yake ya kikemia. Mkoa wa Singida ni mmoja kati ya mikoa ambayo maji yake mahali pengine yana madini ya floraidi kupita kiasi, na mchai nao hukusanya floraidi katika majani yake makuukuu, jambo ambalo linapaswa kumfanya mnywaji wa mkandaa wa kutwa nzima atake majani machanga na maji yaliyopimwa.

Kwa maji hayo, mpishi wa mgahawa hafanyi kosa anapoichemsha. Tangawizi hupondwa kwa kinu au kwa kitako cha chupa, ikatangulia majini na kuchemka hadi maji yageuke manjano. Majani laini hutiwa baadaye, kisha maziwa, kisha sukari. Povu hupanda mpaka ukingoni mwa sufuria, sufuria huinuliwa kutoka kwenye jiko la mkaa, povu hushuka, hurudishwa, hupanda tena, mara tatu au nne, hata rangi itulie kuwa ile ambayo mpishi anaijua kwa macho bila kipimo. Maziwa hufunga ule ukakasi ambao kuchemsha kumeuzidisha, tangawizi huziba pengo la harufu iliyoliwa na chokaa, na sukari humpa abiria nguvu ya kumfikisha Tabora. Kinachobaki cha mlima ni uti wa mgongo wa kinywaji, ule ukali unaosikika nyuma ya vyote, na mnywaji wa Manyoni huutambua mara moja unapokosekana: husema chai imekuwa maji, au majani ni ya jana. Huo nao ni uonjaji, wenye masharti yake, hukumu zake na aibu zake kwa mpishi, ingawa haujaandikiwa kiwango cha kimataifa.

Uzito wa mazoea haya ulipimwa katika uhaba wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, wakati vita vya Kagera, bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni vilipoviacha tupu vishubaka vya maduka ya ushirika. Majani ya chai yalikuwa ni zao la nchi. Sukari nayo ilitengenezwa nchini, Arusha Chini tangu miaka ya 1930 na Kilombero tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bado iliuzwa kwa foleni na kwa kipimo. Nchi yenye milima ya chai ikawa na asubuhi za uji usiotiwa kitu, na wazee wa nyanda kavu hawakuona kwamba wamerudishwa nyuma mbali sana.

Ulegezaji wa biashara ulikuja na mabadiliko ya umiliki kuliko ya ladha. Kampuni ya wafungashaji, TATEPA, ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa na chapa ya Chai Bora inayochanganywa Mafinga, na mwishoni mwa 1999 hisa zake zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Huko Rungwe ikaingia ubia na wakulima wadogo katika kampuni ya Wakulima yenye kiwanda Katumba. Sheria ya Chai ya 1997 iliigawa ile Mamlaka ya zamani, ikaacha Bodi ya Chai kwa udhibiti na wakala wa kuwaendeleza wakulima wadogo. Uzalishaji wa nchi umekuwa ukipanda na kushuka kati ya tani 25,000 na 37,000 kwa mwaka, kiasi kidogo mbele ya Kenya ambayo katika miaka mizuri hupita tani 500,000, na kwa miongo mingi chai ya Tanzania ilipelekwa kunadiwa katika mnada wa Afrika Mashariki, uliofunguliwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa 1969. Novemba 2023 mnada wa Dar es Salaam ulifunguliwa, na hivyo kwa mara ya kwanza hukumu ya muonjaji ikaanza kugeuzwa kuwa bei ndani ya nchi yenyewe.

Manyoni haikuhusika na mnada wowote. Iliendelea kupokea pakiti, na desturi zake zilifuata saa za usafiri. Wakati treni ya abiria ilipokuwa ndiyo saa ya mji, chai iliuzwa dirishani mwa behewa, na abiria mwenye dakika chache na kikombe cha kurudisha aliimimina katika kisahani, akaipuliza na kuinywa hapo, mtindo ambao bado unaonekana kwa watu wazima hata penye nafasi ya kutosha. Mabasi ya Singida, Tabora na Mwanza yalipoongezeka baada ya barabara kuwekwa lami, migahawa ilihama kutoka stesheni kwenda barabarani, na birika likaachia nafasi chupa ya chai, inayohifadhi joto lakini inayoifanya chai ya alfajiri iuzwe saa tano ikiwa imechoka. Mwaka 2018 barabara ya lami kati ya Iringa na Dodoma kupitia Mtera ilizinduliwa, na lori linalopakia Mafinga asubuhi sasa laweza kupitia Iringa na Dodoma na kushusha katoni Manyoni usiku, safari ya kilomita zisizofika 500, kutoka penye ukungu hadi penye mibuyu. Katoni hizo hufunguliwa madukani na kuuzwa kwa vipakiti vidogo vya kutosha chemsha moja, na majani yanayochaguliwa zaidi ni yale laini kabisa.